Rababa ya Ukweni

Stambuli alizaliwa Morogoro, bondeni, mtoto wa mpagazi aliyechoka na safari za bara akaamua kubaki hapo. Mpaka alipofikia umri wa kuoa hakuwahi kulala mlimani hata usiku mmoja, ingawa milima ya Uluguru aliiona kila alipofungua mlango. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyopenda udongo. Reli ilipofika mjini alipata kazi ya kutunza bustani kwa Mjerumani mmoja aliyeitwa Reinke, bwana wa madaraja. Bwana huyo alikuwa njiani zaidi kuliko nyumbani, hivyo aliyempa Stambuli maagizo siku zote alikuwa mkewe, Bibi Reinke.

Akiwa katika kazi hiyo alimwoa Mwaisha, binti wa Kiluguru aliyekuwa akishuka na njegere kuziuza sokoni. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa huenda kuishi na kulima upande wa mke, na kila anachopanda huko hukipanda kwa ruhusa. Stambuli aliyajua hayo na akayakubali. Alijenga nyumba yake huko juu mlimani, Towelo, karibu na nyumba ya mama mkwe, akawa anashuka mjini umande ungali majanini na kurudi jua likianza kupoa.

Mama mkwe wake, Bi Chausiku, alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, mwenye maneno machache. Kwa adabu ya ukweni, yeye na Stambuli hawakutazamana usoni wala hawakusemezana. Akiwa na neno humwambia Mwaisha, hata kama Stambuli amesimama hapo hapo.

"Mwambie mumeo ukuta wa choo unamong'onyoka."

"Mwambie mama nitauangalia kesho," Stambuli humjibu Mwaisha.

Mwaisha, aliyekuwa katikati yao, mara nyingi harudii neno lolote. Huendelea kupepeta mahindi yake, maana wote wawili wamekwisha sikia. Waliishi hivyo miaka kadhaa, wakampata mtoto wa kike, Furaha, na hakuna aliyeona dhiki katika utaratibu huo.

Siku moja, masika yakiwa yanaisha, Bibi Reinke alipokea kisanduku kutoka kwao Ulaya. Ndani, katikati ya nyasi kavu na vipande vya gunia, mlikuwa na mizizi minene yenye macho mekundu, kama magimbi yaliyoanza kuchipua. Bibi alipiga magoti kwenye udongo na gauni lake jeupe, jambo ambalo Stambuli hakuwahi kuliona.

"Hii ni rabarba," alisema. "Mama yangu alikuwa nayo nyuma ya nyumba. Baridi ikiisha, hiki ndicho kitu cha kwanza kuchomoza."

Alimweleza kwa Kiswahili chake cha kukata kata. Mmea huu hauna tunda la kuliwa. Kinacholiwa ni kikonyo, yaani ule mguu mrefu wa jani, mwekundu na mchachu kama ukwaju. Hupikwa na sukari. Bibi alipofika kwenye sukari alifumba macho kidogo, kisha akainuka na kupangusa magoti.

Waliipanda mizizi yote kando ya kisima. Ikachipua upesi, ikatoa majani ya kupendeza, Bibi akawa anakuja kuitazama kila asubuhi akiwa na kikombe chake cha kahawa. Lakini jua la Morogoro halikuwa na subira. Adhuhuri majani yalilala chini kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Stambuli alijenga chanja la nyasi ili kuweka kivuli. Bibi akaagiza mimea imwagiliwe maji baridi ya mtungini, asubuhi na jioni. Kivuli na maji vikaleta ubaridi, lakini pia vikaleta uozo; mizizi ililainika chini ya udongo kama kiazi kilichosahauliwa kapuni. Walipofukua walikuta mizizi miwili tu iliyo mizima.

Bibi Reinke aliishika mkononi, akainua macho kuelekea mlimani, kwenye ukungu.

"Huko unakolala, kuna baridi?"

"Kuna baridi, Bibi. Miezi ya kipupwe ukitoka nje asubuhi mvuke unakutoka mdomoni."

"Basi ichukue." Akamkabidhi, kisha akamshika mkono asiondoke. "Sikiliza. Mwaka wa kwanza usivune hata kimoja, uache mmea upate nguvu. Na majani hayaliwi. Ni sumu. Kikonyo tu. Sema."

"Majani hayaliwi, Bibi. Kikonyo tu."

Jioni ile alimweleza mkewe habari yote. Mwaisha akamwomba mama yake mahali pa kupanda, na Bi Chausiku, bila kuinua uso kutoka kwenye chungu, akasema mkwewe achukue kona ya shamba la magimbi, karibu na kijito, ile isiyomea kitu cha maana. Habari ya sumu Mwaisha alikusudia kuisema hapo hapo, lakini Furaha alianza kulia kwa homa, akainuka kwenda kumbeba. Baada ya hapo neno hilo halikukumbukwa tena. Stambuli alidhani limesemwa.

Alikuwa bado anakoroga samadi ya mbuzi na udongo pale kijitoni alipopita Mzee Abasi, kaka yake Bi Chausiku. Abasi ndiye aliyekuwa mndewa, mkuu wa ukoo ule, na ardhi yote ya pale ilikuwa mikononi mwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unapanda nini?"

Stambuli alimweleza. Abasi aliinama akautazama mzizi mmoja, akaugeuza kwa kidole.

"Unaishi muda gani?"

"Bibi anasema miaka kumi, mjomba. Hata zaidi, ukitunzwa."

Mzee aliuokota, akasimama nao. "Mahindi yanang'oka," alisema. "Maharage yanang'oka. Mtu akiondoka, anaondoka na kapu lake, ardhi inabaki kama alivyoikuta. Hiki chako haking'oki."

"Ni mahali pa kutandika mkeka tu, mjomba."

"Kule chini, kwa dada zetu, Mzungu aliomba mahali pa kitalu cha mibuni. Kitalu tu, alisema. Leo pana vigingi vya chuma na mlinzi mwenye kiboko, na dada zetu wanapita kando kwenda kuteka maji." Abasi aliurudisha mzizi mkononi mwa Stambuli. "Sikukatazi. Nakwambia tu nilichokiona."

Akaendelea na njia yake. Stambuli alikaa pale na mzizi wake mkononi, kisha akaupanda pamoja na mwenzake, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Mlimani palikuwa na baridi, lakini baridi peke yake haikutosha. Mzizi wa kwanza uliliwa na fuko. Stambuli alikuta shimo na vipande vilivyotafunwa. Alimtegea mtego wa kamba na ufito unaofyatuka, akampata, akauzungushia mzizi uliobaki mawe yaliyopangwa chini ya udongo kama ukuta wa kisima. Mvua za vuli zilipokuja, maji ya mteremko yalianza kusimama pale kwenye kona, ndipo akaelewa kwa nini hapamei kitu. Akauhamishia mmea juu ya tuta, tuta lake la mawe na samadi, maji yakawa yanapita pembeni. Konokono walikuja usiku wakatoboa majani. Aliwaokota asubuhi na kuwatupa ng'ambo ya kijito, nao wakarudi, naye akawaokota tena.

Kisha mmea ukatoa bua nene katikati, lenye maua meupe. Stambuli alifurahi, akalichuma ua moja na kulipeleka mjini kwa Bibi Reinke. Bibi alishtuka.

"Kata! Kata bua lote. Likizaa mbegu, nguvu yote inakwenda huko, vikonyo vinakonda."

Alipanda mlima siku ile akiwaza kwamba mmea huu ulikuwa na matatizo ya mtoto wa kwanza: kila siku jipya. Lakini alikata bua, na kipupwe kilichofuata mmea ukajibu. Majani yalitanuka mapana kuliko ya maboga, yakainuka juu ya vikonyo vinene, vyekundu chini na kijani juu. Watu waliokuwa wakipita kwenda kuteka maji walisimama kuutazama. Jina la Kizungu liliwashinda wakalikata, wakauita rababa.

Kipupwe kile mvua zilikuwa zimekatika mapema, na mboga zilikuwa adimu. Mchicha ulikuwa umekomaa, majani ya maboga yamekauka kwenye mashina. Mwaisha alishuka Morogoro na njegere, Furaha mgongoni, akamwachia mama yake kazi ya chakula cha mchana. Bi Chausiku alisonga ugali, akatafuta mboga, akakosa. Ndipo akakumbuka yale majani mapana, laini, mabichi, ya kule kijitoni. Mkwe wake alikuwa ameyahangaikia mwaka mzima. Mtu hahangaikii hivyo kitu kisicholiwa. Akachukua kisu na ungo.

Siku hiyo hiyo Bibi Reinke alikuwa amemruhusu Stambuli aondoke kazini mapema. Aliambiwa akachague vikonyo vya kwanza, vichache tu, avilete kesho yake. Alifika kwenye tuta lake akiwa bado anahema kwa kupanda, akasimama.

Mmea ulikuwa umekatwa wote. Wazo la kwanza lilikuwa mbuzi, lakini mbuzi hawapangi. Vikonyo vyekundu vilikuwa vimelazwa pamoja kando ya njia, kama takataka zilizokusanywa na mtu msafi, na kila kimoja kilikuwa na kidonda kilichonyooka cha kisu. Majani hayakuwapo, hata moja. Aliinua macho akaona moshi unatoka jikoni kwa mama mkwe.

Alikimbia mpaka uani, na hapo uani akasimama. Katika miaka yote ile hakuwahi kuukaribia mlango wa jiko la Bi Chausiku.

"Mama Furaha!" aliita, ingawa alijua Mwaisha yuko mjini. "Mama Furaha! Hodi!"

Hakuna aliyejibu. Mama mkwe hakuweza kumjibu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu kwa niaba yake. Kupitia mlangoni Stambuli aliona mkono wake ukilishika bakuli, tonge likichovywa kwenye mboga ya kijani, likipanda.

Akaingia.

"Mama, tema! Usile! Ni sumu!"

Alimnyang'anya bakuli mkononi na kulimwaga jivuni. Bi Chausiku alijifunika uso kwa upande wa kaniki, akageukia ukutani.

"Mwambie," alianza, kisha akatazama huku na huku jikoni akitafuta wa kuambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Umekula nyingi, mama?"

Alizidi kuivuta kaniki usoni.

"Mama, nisamehe, lakini lazima unijibu. Umekula nyingi?"

"Matonge machache," alisema, akiuambia ukuta. "Inawasha kooni. Nilidhani ni chumvi."

Baadaye tumbo lilianza kumkata, akatapika, na aibu yote ikapotea kwa sababu hapakuwa na nafasi yake. Stambuli alimshika kichwa kama ambavyo angemshika mama yake mzazi. Alimpa maji mengi, akakimbia kwa jirani mwenye mbuzi aliyezaa akaomba maziwa, akamnywesha, akayatapika, akamnywesha tena. Jua lilipokuwa likishuka Mwaisha aliingia uani na kapu tupu kichwani, akamkuta mumewe amekaa kwenye kizingiti cha jiko na mama yake amelala mkekani ndani.

Stambuli alimweleza. Mwaisha alimteremsha mtoto polepole.

"Sikumwambia," alisema. "Ulipoleta ile mizizi. Sikumwambia."

"Mimi ningeweza kumwambia," alisema Stambuli. "Nilikuwa nimesimama pale pale."

Bi Chausiku alikuwa dhaifu kwa siku kadhaa. Kiuno kilimuuma, hakutaka chakula zaidi ya uji. Kisha siku moja asubuhi aliomba gimbi la kuchoma, nao wakajua amepona. Lakini kabla hajapata nguvu za kutembea vizuri, habari zilikuwa zimekwisha fika kila upande wa mteremko: mkwe kutoka mjini amepanda sumu ya Wazungu katika ardhi ya ukoo, na mwenye ardhi nusura afe.

Abasi aliwaita watu wa ukoo nyumbani kwake baada ya sala ya adhuhuri. Walikaa barazani na uani, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Stambuli alikaa mbele yao, juu ya kigoda kifupi kilichofanya magoti yake yafike kifuani.

Abasi hakupandisha sauti. "Sisemi ulikusudia," alisema. "Nakuuliza tu. Mmea huu ni wa nani?"

"Ni wa Bibi Reinke, mjomba."

"Ardhi ni ya nani?"

"Ni ya ukoo."

"Basi Mzungu ana kitu chake kinachoishi miaka kumi katika ardhi ya ukoo, na wewe ndiye mlinzi wake. Kesho akisema anakuja kutazama mali yake, utamzuia?"

Stambuli aliinuka kutoka kwenye kigoda. "Nitaung'oa, mjomba," alisema. "Leo hii. Nami niko tayari kwa fidia mtakayoisema."

Watu walinong'ona, na wengi waliitikia kwa vichwa. Ndipo Bi Chausiku akasimama, mkono mmoja begani kwa Mwaisha. Alikuwa bado mwepesi kama jani.

"Kaka, naomba kusema."

"Sema."

"Hakuna aliyeniwekea sumu. Nilikwenda mwenyewe na kisu changu. Kilicho chakula nilikitupa njiani, kisicho chakula nikakipika, tena nikakitia karanga." Mtu mmoja upande wa wanawake alicheka, akajizuia. "Huyu alikuja akaniondolea bakuli mkononi. Aliingia jikoni kwangu, mahali asipopaswa kuingia. Angesimama uani na adabu yake, leo mngekuwa mmekaa hapa kwa matanga."

Alipumzika kidogo.

"Kuhusu mmea, kaka una haki. Wa Mzungu usikae. Lakini using'olewe. Uwe wangu. Uko kwenye shamba langu, umekula samadi ya mbuzi wangu, na umenitesa mimi, si mwingine. Yule Bibi akitaka vikonyo, aje aniombe kama watu wanavyoniomba mbegu ya maharage. Nikitaka nitampa. Nisipotaka, arudi."

Abasi alimtazama dada yake muda mrefu. "Na nani atakwenda kumwambia Mzungu maneno hayo?"

Bi Chausiku aligeuka, na mbele ya watu wote akamtazama mkwe wake usoni.

"Wewe, baba," alisema.

Usiku ule Stambuli hakupata usingizi mwema. Kesho yake alimkuta Bibi Reinke kibarazani, ana kapu jipya alilolitafuta kwa ajili ya vikonyo. Alimweleza kila kitu, kuanzia kisu na ungo mpaka neno la mwisho la mkutano. Habari ya mama kuugua ilipofika, Bibi aliweka kapu chini.

"Yu mzima?"

"Mzima, Bibi. Amekula gimbi."

"Na anasema mmea ni wake."

"Ndiyo, Bibi. Wewe ukitaka, utakwenda kumwomba."

Bibi alisimama, akatembea hadi mwisho wa kibaraza, akarudi. Uso wake ulikuwa umeingia wekundu, na Stambuli alianza kuwaza mahali pengine pa kazi.

"Bwana amekuwa akisema tuombe ardhi bomani," alisema mwishowe. "Kipande huko juu, karibu na kijito, tujenge nyumba ya kupumzikia wakati wa joto. Mimi nilimwambia ni mahali pazuri. Mahali penye rabarba yangu."

Stambuli alikumbuka vile vigingi vya chuma. Mzee Abasi hakuwa ameota.

"Bibi," alisema, "pale ndipo wanapolima magimbi."

Bibi Reinke alikaa kwenye kiti chake, akatazama kando ya kisima ambapo rababa ya kwanza ilikuwa imeoza. Baada ya muda aliuliza safari ya kupanda ni ndefu kiasi gani kwa mtu mwenye viatu vya Kizungu.

Alipanda mlima wakati vikonyo vipya vilipokuwa vimekua, kwa miguu, akipumzika mara nyingi, Stambuli mbele yake na mfuko wa sukari begani. Njiani alimwuliza anapaswa kusema nini akifika.

"Mwenye shamba amekuzidi umri, Bibi. Kwetu mkubwa huamkiwa shikamoo."

Wakaendelea kupanda. Uani kwa Bi Chausiku Abasi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametulia kama mtu aliyepita tu. Bibi Reinke alisimama pale mlangoni, uso umeiva kwa jua, nywele zimeshikamana kwa jasho.

"Shikamoo," alisema.

Bi Chausiku alikuwa akimenya maharage. Alimaliza ganda alilokuwa nalo mkononi, akaliweka chini.

"Marahaba," alisema. "Karibu. Mwanangu Mwaisha, mletee mgeni maji."

Bibi alikunywa maji yote kwa mkupuo mmoja. Kisha akaomba. Alisema anaomba vikonyo vya rababa vya kupika mara moja, na kwamba anasikitika kwa kuugua kwa mama. Bi Chausiku alinyanyuka, akaenda naye kijitoni, na mwenyewe ndiye aliyechuma: kila kikonyo alikishika chini kabisa, akakizungusha na kukivuta kama Stambuli alivyoelekeza. Majani aliyakata na kuyafukia udongoni bila kuyatazama mara mbili.

Vilipikwa pale pale uani, juu ya mafiga, kwa chungu cha Bi Chausiku na sukari ya Bibi. Harufu ilikuwa ngeni. Kila mtu alionja. Mwaisha alikunja uso. Abasi alionja ncha ya kijiko, akamshukuru Mungu kwa vyote alivyoumba, akarudisha kijiko. Bi Chausiku alikula bakuli lake hadi mwisho, polepole, akifikiri.

"Kinafaa kwa mwenye kichefuchefu," alisema.

Bibi Reinke hakulisikia, au hakulielewa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, bakuli magotini, na machozi yanamtiririka bila sauti. Wenyeji wakaangalia pembeni mpaka alipomaliza, kama wanavyofanya mtu yeyote anapolia.

Kama alimwambia mumewe aachane na shauri la nyumba ya kupumzikia, Stambuli hakujua kamwe, wala hakuuliza. Vigingi havikufika Towelo. Bibi alipanda tena kila msimu wa kipupwe kuomba vikonyo vyake, na kila mara aliamkia kwanza. Wakati mwingine alipewa, na mwaka mmoja Bi Chausiku alimwambia mmea umechoka, aje mwakani, naye akarudi na kapu tupu.

Kati ya mkwe na mama mkwe mambo hayakurudi yalivyokuwa. Adabu ilikuwapo, Stambuli hakuingia tena jikoni, na Bi Chausiku akiongea naye alitazama kitu kingine, jembe au mbuzi. Lakini waliongea wenyewe kwa wenyewe. Mwaisha alisema nyumba imekuwa na kelele. Mwaka uliofuata Abasi alimwita Stambuli, akamwonyesha ukingo wa shamba ulio juu ya njia, akamwambia apande migomba hapo akitaka. Hakueleza zaidi. Mgomba nao hauondoki na kapu la mtu, na Stambuli alikwenda kuwatafuta wenye vichipukizi siku hiyo hiyo.

Kisha vita vikaja. Bwana Reinke alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya reli za jeshi, na Bibi akaondoka kwenda pwani kukaa na wake wengine wa Kijerumani. Kabla ya kuondoka alimwambia Stambuli achukue majembe na mikasi ya bustani. Mizizi hakuiomba. Katika mwaka wa 1916, Wajerumani walipokuwa wakiwakimbia Waingereza kutoka Morogoro, milio ya ghala na injini zinazolipuliwa ilisikika mpaka Towelo, na watu wa bondeni walipanda mlimani na watoto na kuku wao. Nyumba ya Stambuli ilijaa ndugu wa upande wake ambao hawakuwahi kufika ukweni. Bi Chausiku aliwapikia magimbi kwa siku nyingi na kuwapangia mahali pa kulala, huku akiwakaripia wote kwa usawa.

Mambo yalipotulia wakarudi chini. Stambuli hakurudi. Nyumba ya bwana wa madaraja ilikuwa tupu, na bustani imeota majani, naye aliona hana kazi huko. Akabaki mlimani analima njegere na viazi, akichukua mzigo wake sokoni kama mkewe alivyofanya zamani.

Rababa iliendelea kuota kwenye tuta lake. Kila baada ya miaka michache ilijazana, ikabidi aifukue na kuigawa kwa jembe, na baadhi ya mizizi alipewa mtu yeyote aliyeomba, pamoja na onyo lilelile, lililosemwa na Bi Chausiku mwenyewe, kwa sauti, na kurudiwa. Nyumbani kwao hakuna aliyeipenda isipokuwa Furaha. Alikuwa akichuma kikonyo kibichi, anakichovya kwenye chumvi na kukitafuna njia nzima ya kwenda kuteka maji, kama wenzake walivyotafuna miwa.